Kiswahili kilisimama Kisangani: maporomoko, stima na miji ya mto wetu



Kuko ulizo moja ambalo wengi wetu hatujiulizaka juu tumelizoea tangu utoto. Mwanafunzi wa Kindu anaoga katika mto. Mwanafunzi wa Mbandaka naye anaoga katika mto. Maji ni yale yale, yanashuka toka kwa mmoja mpaka kwa mwingine. Lakini wa Kindu akifungua kinywa anasema Kiswahili, na wa Mbandaka anasema Lingala. Juu ya nini? Mto ni mmoja, pori ni moja, Serikali ni moja. Sasa nani alikata luga katikati?

Wengine wanajibu haraka: ni mambo ya kabila. Jibu hilo si la kweli. Wagenya, Walokele, Wamongo, Wabobangi, hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa na Kiswahili ama na Lingala. Luga hizo mbili zote zilikuja na safari. Moja ilikuja kwa miguu kutoka mashariki, nyingine ilikuja kwa stima kutoka magaribi, na zikakutana pale ambapo kila moja ilichoka. Hiyo ndiyo historia ninayotaka tuangalie leo, maana ndani yake kuko pia jibu la ulizo lingine linalotuuma: kwa nini kijana mwenye diploma kule Maniema, asiye na franga za ndeke, anaona Kinshasa iko mbali kuliko inchi za kigeni.

Tuanze na mto wenyewe. Mto Kongo una urefu wa kilometa karibu 4,700, na kwa wingi wa maji ni wa pili duniani nyuma ya Amazon. Huko juu tunauita Lualaba. Unavuka mstari wa ikweta mara mbili: mara ya kwanza katikati ya Ubundu na Kisangani, mara ya pili karibu na Mbandaka. Mtu akiangalia karta anaona kama barabara moja ndefu ya maji. Lakini muulize mpiga kasia, atakuambia si barabara moja. Ni vipande. Nyuma ya Kongolo kuko mlango mwembamba wa mawe ambao Wazungu waliuita Mlango wa Jehanamu, na mbele yake chombo hakipiti. Kutoka Kindu mpaka Ubundu, zaidi ya kilometa 300, maji yanakubali. Kati ya Ubundu na Kisangani yanakuja maporomoko saba ya Boyoma, maji yanakataa tena. Kiisha Kisangani mpaka Kinshasa, kilometa 1,734, mto uko wazi kabisa, ndiyo kipande kirefu kuliko vyote. Nyuma ya Kinshasa maporomoko yanaanza upya na hayaachi mpaka Matadi.

Sasa angalia majina hayo vizuri. Kongolo, Kindu, Ubundu, Kisangani, Kinshasa, Matadi. Tunapenda kusema kwamba mto ndio uliozaa miji. Si uongo, lakini si yote. Miji hiyo ilikua pale mto uliposhindikana. Kila mmoja ni mahali ambapo mzigo ulipaswa kushushwa, kuwekwa juu ya bega la mtu, na baadaye juu ya treni. Mahali pa kushusha mzigo panaletaka soko, gereza, kituo cha polisi, kanisa na masomo. Kwa hiyo mji wa mto ni mtoto wa kizuizi.

Lakini mbele ya miji hiyo kulikuwa watu, na lazima tulisema kwa nguvu, juu vitabu vingi vya wageni vinaandika pori kama vile lilikuwa tupu. Wagenya walikuwa tayari wamefunga miti yao mikubwa ndani ya maporomoko na kutundika mitego yao ya samaki, kazi ambayo inaonekana mpaka leo huku Kisangani. Walokele walipiga ngoma zao za mbao zenye sauti mbili, ya juu na ya chini, zikafuata mwinuko na mshuko wa luga yao, na habari ikaruka toka kijiji mpaka kijiji kupita mwendo wa mtumbwi wowote. Wabobangi, wao walikuwa wafanyabiashara wa katikati ya mto: walishusha pembe za ndovu, samaki, ngula, na watumwa pia, mpaka Malebo. Kila jamaa lilikuwa na kipande chake cha maji. Mtu alipokea mali kwa jirani wa juu, akaiuza kwa jirani wa chini. Hakuna aliyeshika mto wote, na hakuna aliyehitaji kuushika wote.

Wa kwanza kuvunja mpango huo walikuja kutoka mashariki. Misafara ya pwani na ya Unguja ilivuka ziwa Tanganyika, ikafika Maniema, ikajenga Kasongo na Nyangwe. Tusidanganyane: ilikuja kutafuta pembe na watu. Tarehe 15 mwezi wa 7, 1871, David Livingstone alikuwa ndani ya soko la Nyangwe, kandokando ya mto. Watu wa misafara walifungua bunduki juu ya wamama waliokuja kuuza bidhaa zao. Wengi walijitupa majini na mto ukawachukua. Aliyoyaandika juu ya siku ile yalitikisa Uingereza katika mapigano ya kukomesha biashara ya watumwa. Wale wamama majina yao hatuyajui.

Pamoja na msafara ilikuja luga. Na hapa tuwe makini. Kiswahili hakikuletwa na Waarabu peke yao. Kililetwa na wapagazi, Wanyamwezi wengi kati yao, na na vijana wa hapa hapa waliochukuliwa, wakafundishwa bunduki, wakavaa kanzu, wakaanza kuitwa waungwana. Ndiyo maana Kiswahili chetu kiliitwa Kingwana. Ni luga ya watu waliolazimishwa kusafiri, kiisha wakaifanya yao.

Mkubwa wa njia hiyo alikuwa Hamed bin Muhammad el-Murjebi, ambaye tunamuita Tippu Tip. Mwezi wa 11, 1876, Henry Morton Stanley alitoka Nyangwe pamoja naye, kwa mkataba wa feza, kuufuata mto kuelekea kaskazini. Wakatembea ndani ya pori ambalo jua halikufika chini. Mwisho wa mwezi wa 12 Tippu Tip alirudi nyuma. Stanley aliendelea, akapita maporomoko saba mwezi wa 1, 1877, na mwezi wa 8 akatokea Boma. Wazungu watatu waliotoka naye Unguja walikufa wote njiani. Wapagazi na walinzi wake wengi pia walikufa ama walitoroka. Lakini maporomoko yale watu wakayaita kwa jina la nani? Kwa jina la Stanley.

Kwa sisi wanafunzi, kuko jambo moja la maana hapa. Tippu Tip aliandika maisha yake yeye mwenyewe, na aliyaandika kwa Kiswahili. Kitabu kipo. Kwa hiyo juu ya safari za Lualaba hatuna tu sauti ya Mzungu, tuna sauti ya mtu aliyesema luga yetu. Basi tukisome, lakini tukisome kwa macho mawili. Mwandishi huyo alikuwa tajiri wa pembe na mwenye watumwa, na ndani ya hesabu zake mtu wa Maniema mara nyingi ni mali. Kuandikiwa kwa luga yako si sawa na kuandikiwa upande wako.

Stanley alirudi safari hii kutoka magaribi, kwa kazi ya Léopold wa Pili, na mwezi wa 12, 1883, akaacha kituo kidogo karibu na maporomoko. Mwaka wa 1886 watu wa Tippu Tip walikipiga na kukichukua. Léopold, aliyekuwa bado hana nguvu za kufika huko, alimuweka Tippu Tip mwenyewe kuwa wali wa Stanley Falls mwaka wa 1887. Lakini wakati ule ule Serikali yake ilijenga kambi ya askari huko Basoko, kwenye mdomo wa mto Aruwimi, ili misafara isishuke zaidi. Shika jina hilo la Basoko. Ukitafuta mkono uliochora mpaka wa luga yetu, uangalie kwanza pale, kabla ya kutafuta ndani ya damu ya watu. Vita ya 1892 mpaka 1894 ilimaliza utawala wa Waarabu. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, alikufa. Ngongo Lutete, aliyewasaidia Wabelgiji kushinda, Wabelgiji hao hao walimpiga risasi mwaka wa 1893. Waarabu waliondoka, Kiswahili kilibaki, kwa sababu askari, wamisionere na wenye masoko walikuwa tayari wanakihitaji.

Sasa tuangalie upande wa magaribi. Stima ya kwanza ya Stanley, En Avant, haikupanda maporomoko ya Matadi kwa moshi wake. Ilivunjwa vipande, watu wakaivuta na kuibeba juu ya milima mpaka Malebo, ikaingia majini mwaka wa 1881. Stima nyingine zikafuata njia ile ile. Kiisha ikaja reli ya Matadi–Léopoldville, iliyojengwa toka 1890 mpaka 1898. Hesabu ya Serikali yenyewe inasema wafanyakazi 1,800 weusi na Wazungu 132 walikufa. Ni hesabu ya mwenye kiwanja, kila mmoja ajue namna ya kuisoma.

Mara stima zikiwa juu ya maji ya Malebo, kilometa 1,700 zilifunguka mbele yao bila kizuizi. Stima inakula kuni. Kwa hiyo kandokando ya mto wote vilizaliwa vituo vya kuni, na watu wa vijiji wakalazimishwa kukata. Ndani ya stima kulikuwa wasukuma mzigo, wapishi, askari, kila mmoja na luga ya mama yake. Walichukua luga ya biashara ya Wabobangi, wakaikata, wakaipunguza, wakaichanganya. Ikakomaa katika kituo cha Bangala, ambacho leo ni Makanza, wamisionere wakaitengeneza ndani ya vitabu, jeshi likaifanya luga ya amri. Hiyo ndiyo Lingala. Ilipanda na stima mpaka mahali stima iliposhindwa kupanda, yaani Kisangani. Na Kiswahili kilikuwa kimeshuka kwa miguu na mitumbwi mpaka pale pale. Ndiyo maana mpaka leo, mama wa soko huku Boyoma anaanza bei kwa Kiswahili na anamalizia kwa Lingala, wala hasikii kama amevuka mpaka wowote.

Stima hizo zilipanda na nini, zikashuka na nini? Zilipanda na bunduki na risasi, zikashuka na pembe na kaucuku. E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli, alilitambua jambo hilo bandarini Antwerp: mali nyingi inatoka Kongo, na kinachorudi si malipo. Mwaka wa 1903 Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alipanda mto ndani ya stima ya wamisionere, akasikiliza watu wa upande wa Equateur wakieleza mikono iliyokatwa na vijiji vilivyokimbia. Raporo yake ilitoka 1904. Mwaka wa 1908 Ubelgiji ilimnyanganya Léopold koloni lake.

Lakini Casement hakuwa wa kwanza. Mwaka wa 1890 wasafiri wawili walipanda kipande kile kile mpaka maporomoko, wakifuatana kwa miezi michache tu. Mmoja alikuwa Joseph Conrad, baharia, ndani ya stima Roi des Belges. Nyuma ya safari yake aliandika riwaya ambayo karibu kila universite duniani inaifundisha. Mwingine alikuwa George Washington Williams, Mmarekani mweusi, mwanahistoria. Yeye huko Stanley Falls, mwezi wa 7, alimuandikia Léopold barua ya wazi, akahesabu makosa ya Serikali yake moja moja: ardhi iliyochukuliwa kwa udanganyifu, askari wanaoishi kwa kunyanganya, watu wanaouzwa. Mwaka uliofuata alikufa. Wangapi kati yetu tumesoma Conrad? Na wangapi tumesikia jina la Williams? Conrad alituonyesha giza ndani ya moyo wa Mzungu. Williams aliandika nani alifanya nini, wapi, na nani ajibu. Mwanafunzi wa historia anahitaji kujua tofauti ya kazi hizo mbili.

Baadaye vipande viliunganishwa. Kampuni ya reli ya Maziwa Makubwa ilijenga treni ya kuzunguka maporomoko: Stanleyville–Ponthierville mwaka wa 1906, kilometa 125, kiisha Kindu–Kongolo, kiisha Kabalo–Albertville mwaka wa 1915. Msafiri alitoka stima akaingia treni, akatoka treni akaingia stima. Ilichosha, lakini ilikuwa njia moja, kutoka ziwa Tanganyika mpaka bahari ya Atlantiki. Tena isisahauliwe kwamba haikujengwa juu yetu. Ilijengwa ili mzigo ushuke.

Lakini watu waliipanda. Na watu wakipanda, mawazo nayo yanapanda. Patrice Lumumba, mtoto wa Sankuru, alikuwa karani wa posta huku Stanleyville, na ndani ya mji huu wa luga mbili chama chake kilipata nguvu. Mwisho wa mwezi wa 11, 1960, alipotoroka Léopoldville, alikuwa anaelekea wapi? Stanleyville. Alikamatwa Lodi, kwenye kivuko cha mto Sankuru. Historia ya inchi yetu iligeuka pale, mahali pa kungojea mtumbwi.

Mwaka wa 1966 majina yalibadilishwa: Stanleyville ikawa Kisangani, Coquilhatville ikawa Mbandaka, Léopoldville ikawa Kinshasa. Mwaka wa 1971 universite zote ziliunganishwa kuwa UNAZA. Saikolojia na malezi vikawekwa Kisangani, masomo ya luga na jamii yakawekwa Lubumbashi. Kwa miaka kumi mtoto wa Bandundu aliweza kupangwa Kisangani, na wa Bukavu kupangwa Lubumbashi. Mpango ule ulikuwa na makosa mengi, na siasa ya Mobutu ya kushika wanafunzi ilikuwa ndani yake. Lakini ulilazimisha vijana kuvuka inchi yao. Wazee wanaosema luga nne za taifa bila kutafuta maneno, wengi ni wa kizazi hicho. Na meli kama Colonel Ebeya, ikisukuma majahazi yaliyofungwa pamoja, ilikuwa soko, nyumba na masomo juu ya maji, huku mitumbwi ya vijiji ikija kujishika ubavuni kuuza samaki na nyama ya pori.

Kiisha ikaja vita. Mwaka wa 1997 maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walitembea ndani ya pori hilo, toka Kivu kupitia Tingi-Tingi, kwenye reli ya Ubundu, mpaka Mbandaka, na wengi waliuawa kandokando ya njia ile ile tuliyoieleza hapa. Toka 1998 mto ulikatwa: Serikali chini, waasi juu, hakuna chombo cha kupita. Mwezi wa 6, 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, mji usio wao, na mabomu zaidi ya 6,000 yakaanguka juu ya watu. Mwaka wa 2022 mahakama ya The Hague iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa yote iliyoyafanya ndani ya Kongo.

Mto ulifunguliwa tena nyuma ya mapatano, lakini angalia nani anausafirisha leo. Meli kubwa za Serikali zimechoka. Treni ya Ubundu, inayoanzia ngambo ya Lubunga, hutegemei saa yake. Watu wanapanda balenieri, yaani mashua ya mbao yenye motere: watu, mifuko ya makala, pipa za mafuta, mbuzi, na jiko la kupikia, yote pamoja, usiku, bila taa na bila orodha ya majina. Mwezi wa 4, 2025, balenieri HB Kongolo iliwaka moto karibu na Mbandaka. Watu zaidi ya 140 walikufa. Mahali hapakuwa na maporomoko. Maji yalikuwa yale yaliyo wazi, yale mazuri.

Hapo ndipo historia inatugusa. Zamani safari ilikatwa na mawe. Leo inakatwa na bei, na hofu, na kukosa boya la kuonyesha mchanga uko wapi. Wabobangi walijua kipande chao. Stima ya Léopold ilijua njia yote kwa sababu kulikuwa kaucuku. Sisi hatuna kaucuku ya kumshawishi mtu kutulindia njia. Tuna wamama na mifuko yao ya pondu, na wanafunzi na diploma zao ndani ya sashe ya plastiki. Inchi ambayo watu wake hawawezi kutembeleana haitaungana kwa wimbo wa taifa.

Tunaweza kufanya nini, sisi wasomi wasio na meli? Moja ambalo liko ndani ya uwezo wetu: kuandika. Manahodha wa zamani wa ONATRA wanazeeka. Wanajua kwa kichwa kila kisiwa na kila mchanga toka Kisangani mpaka Malebo. Wapiga ngoma wa Kilokele wanapungua. Wafanyakazi wa reli ya Ubundu wangali wako Lubunga, wanacheza ngola mbele ya nyumba. Ukitafuta kichwa cha TFC, usikimbilie karne ya Wazungu tu. Chukua daftari, vuka ngambo, umuulize mzee: stima ilisimama wapi kuchukua kuni, na nani alikata kuni hizo? Tippu Tip aliandika ya Tippu Tip. Stanley aliandika ya Stanley. Wale waliobeba, waliopiga kasia na waliokata kuni wanangojea bado mwandishi wao, na wajukuu wao ndio sisi.